Gitaa la umeme la mtumba ukiwa Mtwara: Squier, Pacifica au Les Paul ya Epiphone?

Haya wadau, hii naandika kwa yule aliyetamani gitaa la umeme miaka na miaka, sasa vihela vimekaa sawa kidogo, na yuko huku kwetu Kusini, Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea, ambako duka la kuingia ukajaribu gitaa moja baada ya jingine mimi bado sijaliona. Nililitaka tangu nasoma sekondari, nikimwangalia jamaa wa kwaya akicharaza solo Jumapili, afu ikaja ada, ikaja nyumba, wakaja watoto, mpaka mwaka huu nikasema basi sasa. Jipya la maana lilikuwa linanizidi hela kwa hiyo nikaingia kwenye mitumba, na baada ya kuuliza huku na huku yakabaki matatu: Squier Stratocaster iliyokuwa Mikindani kwa kijana anayepiga kanisani, Yamaha Pacifica 112 iliyokuwa Kariakoo kwa mtu anayeuza vyombo vya muziki vya mtumba, na Epiphone Les Paul iliyokuwa Masasi kwa mtu binafsi. Walianzia hivi: Squier laki nne, Pacifica laki tano na nusu, Epiphone laki saba.

La nne lilikuwepo, jipya kabisa, la Kichina lisilo na jina, laki tatu na nusu na begi juu. Nalitoa mapema ili lisituchanganye. Nililishika, ncha za freti, vile vichuma vilivyokatiza shingo, zinakwaruza kiganja, ukilityuni ukapiga nyimbo mbili limeshuka, yaani unanunua upya wa rangi tu. Kwa hela hiyohiyo ukiongeza kidogo unapata gitaa la mtumba lililotengenezwa na watu wanaojua wanachofanya, na gitaa likitunzwa miaka kumi au kumi na tano sio kitu.

Sasa tuje kwenye yale matatu. Kabla hujauliza lipi lina sauti nzuri, jiulize lipi litaishi vizuri hapa ulipo. Sisi tuko pwani, chumvi iko hewani, umeme wa nyumba nyingi hauna waya wa ardhini, fundi wa magitaa wa kumpelekea kitu kikiharibika ni wa kumtafuta kwa tochi, na Dar iko zaidi ya kilomita 550 kwa basi. Mtu wa Dar akichagua vibaya anarudi dukani kesho yake, wewe wa Newala unarudi wapi?

Koo ni mbili tu

Ukiyatazama harakaharaka unaona rangi na umbo, ila ndani ni koo mbili. Squier na Pacifica zinafuata njia ya Fender. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, ndo walioitoa Stratocaster mwaka 1954, na Squier ni jina lao wenyewe la bei nafuu, walianza kulitumia kwenye magitaa yaliyotengenezwa Japani mwaka 1982, siku hizi nyingi zinatoka Indonesia na China. Kwa hiyo mtu akikwambia Squier ni Fender feki mwambie hapana, ni yao. Pacifica ni ya Yamaha, jina lilelile la pikipiki na vinanda, ilianza mwaka 1990, umbo na mfumo vimefuata Stratocaster ila wameongeza vya kwao. Les Paul ni ya Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, ilitoka 1952, na Epiphone ilichukuliwa na Gibson mwaka 1957, kwa hiyo Epiphone Les Paul nayo ni halali kabisa, toleo la bei ya chini kwa ruhusa ya wenyewe.

Tofauti ya kwanza utaisikia vidoleni kabla ya masikioni. Kwa Squier na Pacifica urefu wa uzi kutoka kile kijiplastiki cha karibu na kichwa mpaka darajani, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini, ni milimita 648, kwa Les Paul ni kama 628. Sentimita mbili hizo zinafanya nyuzi za Les Paul ziwe laini kidogo kuzivuta na freti zisogeleane, mwenye vidole vifupi atafurahi. Lakini Les Paul ni nzito, ile ya Masasi nadhani ilipita kilo nne, ukisimama nayo ibada nzima au harusi ya mpaka usiku wa manane bega litakwambia. Pacifica ni nyepesi. Squier nayo nyepesi.

Tofauti ya pili ni namna gitaa linavyoungana. Squier na Pacifica shingo imefungwa kwa skrubu nne nyuma, unazifungua na bisibisi na shingo inatoka nzima. Epiphone Les Paul ya daraja la juu, kama ile niliyoiona, shingo imegundishwa moja kwa moja kwenye mwili. Zipo Epiphone za bei ya chini, ile Special II kwa mfano, ambazo nazo zina skrubu, kwa hiyo geuza uangalie nyuma. Kwa mtu wa huku hili ni jambo kubwa sana, maana shingo ya skrubu ikiharibika unaweza kuagiza shingo nyingine ukafunga, na ukitaka kusafirisha gitaa kwa basi unaitoa, unafunga shingo peke yake na mwili peke yake kwenye boksi moja na nguo katikati, linafika salama. Ile ya kugundishwa inasafiri nzima nzima, na hapo ndo tunafika kwenye tatizo la Masasi.

Kichwa cha Les Paul

Kichwa cha Les Paul kimeinama kwenda nyuma, hakijanyooka sambamba na shingo kama cha Stratocaster. Kwa sababu kimeinama, nyuzinyuzi za mbao pale kwenye kona zinakuwa fupi, na hapohapo ndipo wamechimba tundu la kufikia ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, kwa hiyo mbao imepunguzwa mahali ambapo tayari ni dhaifu. Gitaa likianguka chali kutoka kwenye stendi tu, kichwa kinaweza kukatika. Ni udhaifu unaojulikana dunia nzima, Gibson yenyewe ya mamilioni inao.

Ile ya Masasi ilikuwa nzuri kwa macho, rangi ya asali inayoishia weusi pembeni, nikasema moyoni hii ndo yenyewe. Nikapitisha kidole gumba nyuma ya shingo taratibu kutoka freti ya tano kwenda kichwani, na karibu na kichwa nikahisi kaukingo kembamba kama unywele. Nikaomba tochi ya simu. Mstari upo, umepita mshazari, rangi juu yake inang'aa tofauti na pembeni. Nikamuuliza mwenyewe, akasema, "Kaka hiyo iligongwa kidogo tu, ilishagundishwa, inapiga hiyo." Na kweli ilikuwa inapiga. Kichwa kilichogundishwa vizuri na gundi ya mbao kinaweza kudumu miaka, sitaki mtu aogope kupita kiasi, ila bei lazima ishuke, na uwe unajua nani aligundisha na alitumia nini. Yeye hakushuka chini ya laki sita na nusu. Tukaagana kwa heri.

Sauti, na ule mvumo

Chini ya nyuzi kuna pikapu, ni sumaku zimezungushiwa waya mwembamba sana mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unazaa umeme mdogo kwenye ule waya, ndo sauti yenyewe inayokwenda kwenye amplifaya. Squier Stratocaster ina pikapu tatu za koili moja. Les Paul ina mbili za koili mbili mbili, hizo zinaitwa hambaka. Pacifica 112 ina mbili za koili moja na moja ya hambaka pale darajani, yaani wamekupa pande zote mbili kwenye gitaa moja.

Kwa masikio yetu sisi tuliokulia kwenye dansi na sebene, koili moja ndo sauti ya nyumbani. Inakata, iko wazi, kila uzi unausikia peke yake hata bendi nzima ikiwa inapiga. Ukitaka kucharaza solo zile za juujuu zinazojirudia, au ridhim za haraka za mtindo wa Kikongo, Stratocaster inakupa bila kuhangaika. Wanaompenda Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz wanajua nasema sauti gani, safi, haina ukungu. Hambaka ni nene, imejaa, inafaa kwaya za kisasa zinazopiga na sauti ya kukwaruza, roki, na bluzi. Unaweza kupiga sebene na Les Paul, watu wanapiga, ila lazima ucheze na nobu ya toni mpaka ule unene upungue.

Shida ya koili moja ni mvumo. Ule waya haudaki uzi peke yake, unadaka na umeme wa nyumba, ambao kwetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, na unausikia kwenye spika kama zzzz isiyokata. Hambaka ilibuniwa na Seth Lover wa Gibson mwaka 1955 hasa kwa ajili ya hili, koili mbili zimegeuziana kiasi kwamba mvumo wa moja unauua mvumo wa nyingine ila sauti ya nyuzi inabaki. Kule Mikindani tulipochomeka Squier sebuleni kwa yule kijana, mvumo ulikuwa mkubwa kweli, taa ya mirija juu, chaja za simu ukutani, na soketi haina ardhi. Nikizigusa nyuzi unapungua, nikiachia unarudi. Nikageuka na gitaa kuipa taa mgongo, ukapungua tena. Halafu nikasogeza swichi kwenye nafasi ya pili, ile inayochanganya pikapu mbili, ukakaribia kuisha kabisa, kwa sababu kwenye Stratocaster nyingi pikapu ya katikati imezungushwa kinyume, zikiunganishwa mbili zinafanya kazi kama hambaka. Kwa hiyo usiikimbie Stratocaster kwa mvumo, jua tu namna ya kuishi nao. Ila kama nyumba yako waya zake ni za zamani na kanisani kwenu ndo kabisa, Pacifica ina ile hambaka ya kukimbilia.

Kuna toleo la Pacifica linaitwa 112V, hilo ukivuta nobu ya toni juu hambaka inakatwa inakuwa koili moja. Toleo la 112J halina hiyo. Na kuna 012 ambayo ni ya chini zaidi, umbo lilelile, watu wanaiuza kwa bei ya 112 kwa sababu mnunuzi haangalii namba. Angalia namba kichwani. Kwa Squier angalia namba ya usajili, ikianza na ICS ujue imetoka Indonesia na tarakimu mbili zinazofuata ndo mwaka. Yule wa Mikindani aliniambia ya mwaka jana, namba ikasema nyingine. Sikugombana naye, na yeye aliuziwa hivyohivyo.

Chumvi

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo panatutofautisha sisi na watu wa Dodoma. Daraja la Stratocaster lina vitandiko vidogo sita, kila uzi na chake, na kila kitandiko kina viskrubu viwili vidogo mno vya kupandisha na kushusha uzi. Squier ya Mikindani imekaa hatua chache kutoka baharini, na ukiinamisha kichwa uangalie pale darajani, viskrubu vya nyuzi mbili nyembamba vimevaa kutu ya rangi ya udongo. Nikajaribu na alenki, ule ufunguo wa pembe sita, havikuzunguka. Maana yake uzi ukiwa juu sana hushushi, na ukilazimisha tundu la alenki linakwanguka linabaki duara, hapo umekwama. Vinatoka, unaweka tone la mafuta ya kulegeza kutu, unaacha mpaka kesho, unajaribu taratibu. Lakini ni kitu cha kushushia bei. Pacifica kwa kuwa ilikaa dukani Dar kwenye begi ilikuwa safi zaidi. Daraja la Les Paul ni rahisi zaidi kuliko yote, kipande kimoja kimekaa juu ya nguzo mbili, unazungusha kigurudumu huku na huku limepanda au limeshuka, hiyo pointi naipa Epiphone bila ubishi.

Freti zenyewe hazili kutu kama chuma cha kawaida, zinafifia na kuwa na ukijani, zinasafishika. Ila kama zimechimbika chini ya nyuzi, hasa freti tatu za mwanzo, hiyo ni kazi ya fundi na huku fundi huyo humpati kirahisi.

Na mbao zetu nazo zisisahauliwe. Ubao wa vidole wa magitaa mengi haya ni rozwudi, ambayo ni ndugu wa mpingo, ukoo mmoja kabisa wa Dalbergia. Mpingo wa misitu ya Kilwa unakwenda Ulaya kutengenezwa klarineti na obo. Ndugu hao wote waliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa kuanzia Januari 2017, ndo maana magitaa mengi ya bei nafuu ya miaka hiyo yakahamia mbao nyingine kwenye ubao wa vidole, mpaka vyombo vya muziki vilivyokamilika vilipoondolewa masharti mwaka 2019. Ukiona Squier yenye ubao wa kahawia mpauko usidhani imechakachuliwa. Mi huwa nafurahi kuona mbao ya kwetu ina heshima hiyo huko nje, natamani na sisi siku moja tuwe na watu wanaotengeneza magitaa palepale Lindi.

Shingo kwanza

Kuna mzee mmoja Chikongola, hapa Mtwara mjini, alipiga bendi zamani, nilimfuata kabla sijatoa hela. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, nikamwonyesha picha za yote matatu kwenye simu. Hakuuliza rangi wala jina. Akauliza, "Shingo umeziangaliaje?" Nikamwambia kwa macho. Akanyanyua gitaa lake kavu, lisilo la umeme, akanionyesha: bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, bana freti ya mwisho kwa mkono mwingine, halafu tazama katikati, kwenye freti ya saba au ya nane. Uzi ukiwa umekaa juu ya freti kwa nafasi ndogo ya kupitisha karatasi ngumu, shingo iko vizuri. Ukiwa umelala kabisa, shingo imenyooka mno au imebinuka nyuma. Ukiwa na mwanya mkubwa, imepinda mbele. "Jina ni la muuzaji, shingo ni yako," akasema.

Kupinda kidogo sio kesi, ile fimbo ya chuma ndani inarekebishwa kwa alenki, robo mzunguko kwa wakati, unaacha gitaa litulie unaangalia tena. Kesi ni pale fimbo haizunguki kabisa au inazunguka bure haikamati kitu. Gitaa la hivyo liache, hata liwe la bei ya bure. Na ujue shingo zetu zitahama kidogo kila mwaka, kipindi cha mvua Desemba mpaka Aprili mbao zinavuta unyevu, ikija kusi na ukavu wake zinarudi, kwa hiyo ujifunze hiyo robo mzunguko mwenyewe.

Kwa kipimo hiki Squier ilifaulu, shingo imenyooka vizuri. Epiphone nayo ilinyooka. Pacifica sikuishika mwanzoni, ilibidi nimtume shemeji yangu anayepiga besi kanisani Dar, akapiga simu ya video, nikamwambia bana hapa na hapa, sogeza kamera, gonga kila pikapu kwa bisibisi tukiwa tumechomeka nisikie tok tok zote tatu, zungusha nobu zote, chezesha waya kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea. Nobu ya voliumu ilikuwa inakwaruza kama redio mbovu, hilo ni vumbi tu, fundi redio yeyote pale sokoni anapulizia dawa ya kusafishia anazungusha mara kadhaa limeisha. Mwenye duka hakufurahia mambo yetu mengi, shemeji akavumilia. Usimtume mtu asiyepiga. Kama huna mtu wa hivyo Dar, basi Pacifica yangu ifute kwenye hesabu, nunua lile unaloweza kulishika.

Kitu kingine, Squier na Pacifica zote zina mkono wa kutikisa darajani. Ni raha ila unachangia gitaa kutoka kwenye tyuni. Kwa anayeanza, fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu zile mbili zinazovuta springi mpaka daraja lilale kabisa kwenye mwili, mkono uweke kabatini. Na ukikutana na gitaa lenye Floyd Rose, ile ya kufunga nyuzi kwa alenki kichwani na darajani, achana nalo kwa sasa, kubadilisha nyuzi tu ni kazi ya jioni nzima.

Hela ya gitaa sio hela yote

Hapa wengi wanakwama. Gitaa la umeme bila amplifaya ni kama sahani bila chakula, na watu wanamaliza hela yote kwenye gitaa halafu wanachomeka kwenye sabufa ya sebuleni. Inatoa sauti, ndio, ila hafifu na ya kufunikwafunikwa, kwa sababu sabufa inategemea mawimbi yenye nguvu kama ya simu, na pikapu za gitaa zinatoa kidogo mno. Ukiweka katikati kisanduku cha efekti, kile cha kukuza na kubadilisha sauti ya gitaa, mambo yanabadilika. Kuna Zoom G1 Four, inatumia betri nne ndogo, unachomeka hedifoni unapiga usiku watoto wamelala, umeme ukikatika unaendelea, na ukitaka sauti kubwa ndo unaitoa kwenye sabufa au mikseri ya kanisa. Kwa huku kwetu mi naona hiyo ndo bora kuliko amplifaya ya mtumba kubwa. Ukitaka kiamplifaya, Roland Micro Cube inatumia betri sita, ndogo, na ina sauti nzuri kuliko umbo lake.

Ukinunua amplifaya ya mtumba geuza nyuma usome volti. Zinazotoka Japani nyingi ni za volti 100, za Marekani 120, na sisi ni 230. Ukichomeka moja kwa moja unaiunguza papo hapo. Inataka transfoma ya kushushia, nayo ni hela. Zinazotoka Uingereza na Ulaya zinakubali bila shida. Na mahali pasipo na ardhi uwe makini, ukishika nyuzi huku midomo inagusa maiki unaweza kupigwa shoti, kwa kwaya hili waambieni mafundi wenu wa umeme walitengeneze kabla ya tamasha na sio baada.

Kwa hesabu hiyo, mwenye laki saba akinunua Epiphone ameishia hapo. Akichukua Squier ya laki tatu na nusu baada ya kupatana, anabaki na nusu ya kununua kisanduku, waya, nyuzi na begi, na huyo wa pili ndo atakayekuwa anapiga.

Mimi ningechagua lipi

Kama uko Mtwara au Lindi, unaanza, na huna mtu wa kumwamini Dar, chukua Squier iliyo karibu yako, hata yenye kutu kidogo, mradi shingo imenyooka na fimbo inazunguka. Vipuri vyake vinapatikana, fundi redio anaweza kuisoldea, na sauti yake ndo muziki wetu. Epiphone mpe mtu mwenye gari, mwenye sanduku gumu la kubebea, anayependa sauti nene na anayeipata kwa bei inayolingana na historia ya kichwa chake. Ni gitaa zuri mno kushika, nasema kweli, siku nikiwa na la pili litakuwa hilo.

Mimi nilichukua Pacifica. Nilipata koili moja kwa ajili ya dansi na hambaka kwa ajili ya umeme wetu, shingo ya skrubu, kichwa kilichonyooka, na shemeji alishaipitisha. Mwenye duka alishuka mpaka laki tano, ikafunguliwa shingo, ikafungwa kwenye boksi, ikaja na basi. Nilipoifunga skrubu nne na kuityuni ikakaa sawa, nikapiga kodi moja ya G, yaani nyuzi zote kwa pamoja, nikaiacha ilie mpaka iishe yenyewe. Miaka yote ile nilikuwa nawaza itakuwaje, imekuwa vizuri kuliko nilivyowaza.

Kama hela bado inakusanywa, nikwambie kitu cha huku: watu wengi wanauza vitu vyao Julai mpaka Septemba kabla minada ya korosho haijaanza, hapo muuzaji anasikiliza. Ikishaanza Oktoba na watu wakalipwa, kila mtu ananunua na bei inasimama.

Ukienda kuangalia beba waya wako mwenyewe, alenki, tochi, na programu ya kutyuni kwenye simu, GuitarTuna ya bure inatosha. Piga uzi wazi halafu upige ukiwa umebana freti ya 12, noti iwe ileile ya juu yake, ikitofautiana kidogo inarekebishika darajani. Nyumbani futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu usivitupe, weka ndani ya begi. Nyuzi nunua seti tatu kwa mpigo, zile za 009, hiyo ni namba ya unene wa uzi mwembamba kabisa, ni laini kwa vidole vinavyoanza, na ununue kwa mtu unayemjua maana feki zipo nyingi. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokata barabara maeneo ya Somanga, mabasi ya Dar yalisimama na mizigo nayo ikasimama, kwa hiyo nyuzi za akiba ziwe ndani, maana uzi mwembamba wa kwanza ndo unaokatika kabla ya wenzake wote.